Somo: Kuchora kisu kwa asidi hapa nyumbani, kuanzia msasa mpaka mafuta

Habari zenu wandugu. Tangu niweke picha ya kile kisu chenye jani la mgomba watu wamenijazia inboksi, fundi tufundishe, fundi umetumia mashine gani, na mimi najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma, so leo nimekaa niandike yote mara moja. Mashine hakuna. Ni rangi ya kucha, sindano, na dawa wanayotumia mafundi redio.

Mimi niko Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba, mchana nachomelea mageti na madirisha, visu nafanya jioni. Naongelea kisu kisichokunjika, bapa moja la chuma mpaka ndani ya mpini. Hiki changu alinifulia mzee mmoja wa Katwe kwa springi ya pikapu, zile bapa za nyuma. Chuma cha springi ni kizuri sana kwa kazi hii kwa sababu kina kaboni kama nusu asilimia na kidogo, inatosha kushika makali, alafu kromiamu yake haifiki hata asilimia 1. Stenlesi inaanzia kromiamu asilimia 10 na nusu hivi, ndio maana haipati kutu na ndio maana asidi nyepesi haiifanyi kitu.

Kwa hiyo kabla ya yote jua chuma chako. Watu wengi wanaweka sumaku, ikishika wanasema hii sio stenlesi. Sumaku haitoshi jamani, visu vingi vya stenlesi vya jikoni vinashika sumaku vizuri tu. Mimi napiga msasa sehemu ndogo karibu na mpini, nakamulia tone la ndimu, nasubiri kama dakika 10. Chuma cha kaboni kitabaki na doa la kijivu. Stenlesi utafuta na hutaona kitu.

HATUA YA 1, MSASA. Anza na msasa namba 220 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi), ukifuta mikwaruzo yote ya faili nenda 400, alafu 600. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, ukitumia vidole utachimba mabonde. Piga kwa urefu wa kisu, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, na mpini ufungwe kwenye jiliwa au ubanwe kwenye meza, usishike kisu mkononi huku unasugua maana mkono ukiteleza ni kidole kinaenda. Kama makali yameshanolewa yazibe kwa tepu.

HATUA YA 2, USAFI. Hapa ndipo kazi yote ilipo na nitakaa kidogo, maana karibu kila kisu kilichoharibika ninacholetewa kiliharibikia hapa. Asidi inakula pale tu inapokigusa chuma. Ukiacha mafuta ya mkono, hata kidogo ambacho jicho halioni, itayazunguka na kukuachia ramani ya huo uchafu. Kisu cha kwanza nilichofanya kilikuwa zawadi ya baba mkwe, cha kuchinjia Idd. Nilipiga msasa siku mbili, jioni umeme ukakatika, nikakigeuza mara moja kwenye mwanga wa simu kuangalia kama kimeng'aa. Nilipokitoa kwenye dawa nikakuta dole gumba langu limekaa katikati ya bapa, mistari yote, kama ile ya kupiga wino kwenye fomu. Nilisugua kwa majivu, kwa sabuni, haikutoka. Ilibidi nirudi kwenye 220 na Idd ikapita.

Basi fanya hivi. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, suuza, kausha, alafu vaa glavu na upake asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kwa pamba safi, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Kujua kama kimetakata, mwagia maji. Maji yakijikusanya vidonge vidonge kama umande juu ya jani la magimbi, bado kuna mafuta, rudia. Yakitanda yote kama karatasi na kubaki hivyo, kiko tayari. Kuanzia hapo usiguse bapa kwa mkono mtupu tena.

HATUA YA 3, RANGI YA KUCHA. Paka pande zote mbili, mgongo, makali, kila mahali ambapo hutaki kuliwe. Mara mbili, na iwe nzito. Rangi nyekundu au nyeusi ni bora kuliko ile isiyo na rangi kwa sababu utaona ulipoacha. Subiri ikauke kabisa, huku kwetu karibu na ziwa hewa ina maji, mimi nasubiri saa nzima na zaidi. Kama mpini umeshafungwa, zungushia tepu nyeusi ya umeme mizunguko kadhaa, alafu paka rangi ya kucha juu ya ukingo wa tepu, maana dawa ikipenya chini ya mpini itaendelea kula huko ndani kimyakimya na utakuja kujua siku mpini unacheza.

HATUA YA 4, KUCHORA. Chomeka sindano kwenye kijiti ili uishike kama kalamu. Ukianza, chora kitu chepesi. Jani la mgomba linafaa sana, unavuta ule uti wa katikati kwanza, mstari mmoja uliopinda kidogo, alafu mishipa inatoka kwenye uti kwenda nje, mmoja mmoja, karibu karibu, na sehemu mbili tatu unaacha pengo kama jani limechanwa na upepo. Pengo ndilo linafanya mtu aseme huu ni mgomba. Sindano lazima ifike kwenye chuma, utaona mstari unang'aa chini ya rangi. Vumbi la rangi liondoe kwa brashi kavu, usifute kwa kidole.

HATUA YA 5, DAWA. Hii inaitwa feriki kloraidi, mafundi wanaitumia kula shaba kwenye bodi za saketi, kwa hiyo uliza maduka ya vifaa vya elektroniki. Ikiwa ya maji, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 3 vya maji. Ikiwa ya unga, weka maji kwanza ndio utie unga kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya unga, inapata moto na kurusha mvuke mbaya. Vaa miwani na glavu, fanyia nje, watoto wawe mbali. Na tafadhali usiweke kwenye sufuria. Sufuria zetu ni za aluminiamu, hii dawa inaitoboa huku inachemka yenyewe. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo au jagi la kioo ambalo hutalitumia tena kwa chakula, tandika kavera (mfuko wa plastiki) chini, na ujue ikidondokea nguo au sementi doa lake la kahawia halitoki.

Ning'iniza kisu kwa kamba, ncha chini, kisiguse chupa. Kila dakika 5 kitoe, suuza, pitisha pamba yenye maji polepole. Utaona matope meusi yanatoka kwenye mistari, hiyo ni kaboni iliyobaki baada ya chuma kuondoka, usipoitoa dawa haifiki chini. Rudisha. Changu kilichukua kama dakika 25. Lakini usinifuate mimi kwa saa, siku ya jua dawa inakwenda mbio na siku ya mvua inachelewa, pitisha ukucha wa glavu juu ya mstari, ukisikia umekwama basi inatosha. Ukiona rangi ya kucha inaanza kunyanyuka pembeni, toa hapo hapo hata kama bado.

HATUA YA 6, KUIZIMA. Yeyusha magadi kwenye maji, yale yale ya kupikia maharage, au bekingi soda, tumbukiza kisu. Kitatoa povu. Povu likiisha, osha kwa sabuni na maji mengi, NDIO utoe rangi ya kucha kwa asetoni. Ukitoa rangi kabla ya kuizima, dawa iliyojificha kwenye mistari itasambaa juu ya bapa safi na kulichafua.

HATUA YA 7, KAHAWA. Hii ndiyo ninayoipenda. Mistari ikitoka kwenye asidi ni ya kijivu tu. Koroga kahawa ya unga wa kuyeyuka, nzito mpaka kijiko kinachelewa kugeuka, iache ipoe, tumbukiza kisu usiku mzima. Kahawa ina asidi zake, mojawapo ni klorojeniki, na robusta inayo nyingi kuliko arabika, kwa hiyo sisi wa hapa tumekaa juu ya dawa yenyewe. Asubuhi kisu chote ni cheusi. Osha, kausha, alafu chukua msasa 600 juu ya ubao, pitisha mara chache bila kukandamiza. Juu panarudi kung'aa, ndani ya mistari weusi unabaki. Nilipoona lile jani linajitokeza kwenye chuma cha springi ya gari bovu nilimwita mke wangu aje aone, kwa kweli.

Kausha juani mara moja, chuma kilichotoka kwenye asidi kinapata kutu ndani ya dakika. Paka vaselini nyembamba. Makali noa mwisho kabisa.

Dawa iliyobaki inatumika tena, funga kwenye chupa ya plastiki, andika SUMU, ifungie juu. Ikichoka, tia magadi kidogo kidogo kwenye ndoo ya plastiki mpaka isitoe povu, acha itulie, matope yake usimwage kwenye mtaro. Mitaro yetu yote inaishia ziwani na maji hayo ndiyo tunayokunywa.

MASWALI YENU (mwanzoni mwa kila swali ni mji wa aliyeuliza)

Arua: Kaka, mimi nililaza kisu kwenye siki usiku kucha, asubuhi kiko vilevile. Siki mbovu?
Siki haina shida, hicho ni stenlesi. Jaribu ndimu kama nilivyosema juu. Feriki itakila lakini polepole, kaa nayo na uongeze tabaka la rangi ya kucha, na kahawa haitakipa weusi kama huu.

Mbarara: Fundi, huku gereji asidi ya betri iko bure, si nitumie hiyo?
Hapana ndugu yangu. Ya betri kuukuu imeshachanganyika na risasi, hiyo ni sumu kwenye kisu kitakachokata chakula. Alafu ni salfuriki, ikirukia jicho umepoteza jicho. Hapo hapo niseme na jambo lingine, kuna mtu aliniambia anataka kusafishia chupa kwa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo na asidi ya aina yoyote visikutane, inatoka gesi ya klorini na inakaba pumzi.

Mbale: Mimi ni mama wa jikoni, nakatia nyama na nyanya. Huo weusi hautaingia kwenye chakula?
Dada, ukikizima kwa magadi na kukiosha vizuri, kinachobaki ni weusi wa chuma chenyewe, hakuna rangi iliyopakwa. Wiki za mwanzo nyanya na ndimu zinaweza kutoa ladha ya chuma na kufifisha mchoro, kwa hiyo ukimaliza kukata osha na ukaushe, usikilaze kwenye beseni. Siku za mwanzo kitumie kwa nyama. Kabla ya kukata futa ile vaselini.

Gulu: Nimeona mtu anachora kwa chumvi na betri. Betri ya boda inafaa?
Inafanya kazi, chanya inaenda kwenye kisu, hasi kwenye pamba iliyolowa maji ya chumvi, unagusa na kuachia sekunde chache chache. Kwa chuma cha kaboni sina neno. Kwa stenlesi mimi sikushauri, ile kromiamu inayotoka kwa njia hiyo inaweza kuwa ya aina ya sumu kali. Na betri ya boda ni volti 12 yenye nguvu, nyaya zikigusana zinawaka na kukuunguza mkono, betri ndogo ya volti 9 inatosha kabisa.

Hoima: Feriki sijapata, nina siki tu na kisu cha springi.
Pasha siki iwe vuguvugu, isichemke, na uweke saa kadhaa. Utapata kivuli cha kijivu, mchoro utaonekana lakini ukucha hautakwama. Ukitia kahawa juu yake bado unapendeza.

Bombo: Kijana, nina panga la marehemu baba yangu, la tangu miaka ya sabini, nataka jina lake likae pale. Nipige msasa lote kwanza?
Shikamoo mzee. Naomba usipige. Weusi ulioko kwenye hilo panga ni wa mikono yake na kazi yake, msasa ukipita haurudi. Tafuta sehemu karibu na mpini, ukubwa wa kiberiti, upande ambao hausuguliwi na kazi. Zungushia tepu, safisha ndani ya hicho kidirisha peke yake, msasa 400 na 600 tu, alafu asetoni, alafu rangi ya kucha, na panga lililobaki lifunike kwa tepu na kavera. Usilitumbukize, weka dawa kwa pamba, badilisha pamba kila dakika 2 au 3. Jina liandike kwanza kwenye karatasi mara nyingi mpaka mkono uzoee, herufi kubwa, zenye nafasi. Na kama mkono unatetemeka mzee, njoo Walukuba na panga lako, tutalifanya pamoja, sitachukua pesa.