Kocha wa viungo, panga saa zako kabla ya msimu

Kabla hujaandika zoezi hata moja, chukua ratiba ya mechi uihesabu kwa kurudi nyuma. Mechi ikiwa Jumamosi, vyuma vizito vikae Jumanne au Jumatano, mbio za kasi ya juu zisisogee karibu na mechi, na Ijumaa iwe ya kuamsha mwili tu. Baada ya mechi, miguu ya waliocheza dakika zote huhitaji saa 48 hadi 72 kurudi sawasawa. Timu ikicheza mara mbili kwa wiki, nafasi ya vyuma kwa hao karibu inakwisha. Usiilazimishe.

Wanaosahaulika ni wa benchi. Mchezaji aliyekaa wiki tatu bila kukimbia kwa kasi kamili, halafu akaingizwa dakika ya 60, ndiye ataushika msuli wa nyuma ya paja. Kwa hiyo elewana na kocha mkuu mapema, ligi haijaanza, kwamba mechi ikiisha unapewa robo saa ya uwanja kuwakimbiza wale ambao hawakucheza. Ukisubiri kuomba siku yenyewe, basi la timu litakuwa limeshawasha injini.

Halafu kuna barabara. Wengi wetu tuna timu jioni na wateja binafsi alfajiri, na hesabu ya fedha huwa nzuri kwenye karatasi. Lakini kwa Dar es Salaam, mteja wa Mbezi Beach saa 12 asubuhi na mwingine wa Mbagala saa 2 ni ndoto. Foleni haijui programu yako. Chagua upande mmoja wa jiji. Timu ikiwa Kigamboni, amua kabisa unavuka kwa pantoni au unazungukia Daraja la Nyerere, na saa za njiani uzihesabu kama kazi, kwa sababu ndizo zinazokula usingizi wako.

Hali ya hewa nayo ina amri zake. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu wa pwani haviruhusu kazi ngumu saa 8 mchana, hata meneja akisisitiza. Masika ikija, uwe na mazoezi ya ndani yaliyo tayari. Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo itazame kwenye kalenda sasa. Wanaofunga wape kazi nyepesi karibu na futari, au nzito kidogo baada yake, na daku isiingiliwe na kikao cha alfajiri.

Vipimo usivirundike. Daftari linatosha: kila mchezaji ataje ugumu wa mazoezi kwa 0 hadi 10, uzidishe kwa dakika. Dakika 60 zenye ugumu wa 7 ni 420. Namba hiyo ikipanda ghafla wiki hadi wiki, punguza kabla daktari hajakuita. Vifaa vya bei vinavutia, ila kama huna saa ya kusoma takwimu zake, vitakula muda wa kulea wachezaji.

Wateja binafsi waambie mwanzoni kabisa kwamba wiki ya safari ya Mwanza au Bukoba hakuna vipindi, na malipo yake yanahamishiwa wiki gani. Asiyeweza kuvumilia, mkabidhi kwa kocha mwenzako anayekaa jirani naye.