Kisima chenye floraidi: namna ya kupata maji ya watoto kuzunguka Mlima Meru

Kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, na upande wa pili kule Oldonyosambu, meno ya kahawia hayamshangazi mtu. Wengi husema ni ya ukoo. Si ya ukoo, ni ya maji. Jino la kudumu hujengwa likiwa bado ndani ya ufizi, tangu uchanga hadi miaka 8 hivi. Floraidi, yaani madini yaliyoyeyuka ndani ya maji kutoka kwenye miamba, ikizidi katika kipindi hicho, gamba la jino hutoka na mabaka ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Ndiyo maana maji mazuri yakiwa machache, ya kwanza ni ya walio chini ya miaka 8. Mtu mzima meno yake yamekwisha kukomaa, ingawa naye akinywa kiwango kikubwa miaka mingi, mifupa na viungo huja kukakamaa.

Anza kwa kupima. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, maana kila kimoja kinapita kwenye tabaka lake la miamba ya volkano. Maji ya hapa yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeinasa floraidi izame chini. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo. Acha pampu itoe maji dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, jaza, andika tarehe na jina la kisima, kisha peleka maabara ya ubora wa maji. Pima mwisho wa kiangazi na tena baada ya masika.

Usikubali jibu la “yanafaa”. Omba namba, miligramu kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa kiwango ni 1.5 kama cha Shirika la Afya Duniani. Kisima kilichopewa cheti zamani huenda kilipimwa kwa rula ile ya zamani, na maji yake hayajabadilika.

Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unatoka, floraidi inabaki: lita 20 zenye miligramu 4 zikichemka hadi kubaki lita 18, umepata karibu 4.4. Klorini inaua vijidudu tu. Chujio la mchanga, kitambaa na mkaa wa kuni navyo havina msaada hapa.

Njia rahisi kuliko zote iko juu ya paa. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Hesabu asilimia 80 kwa sababu ya kumwagika na kukauka. Paa la mita 40 za mraba linajaza tangi la lita 3,000 kwa mvua ya milimita 94 hivi, na masika ya kawaida huleta zaidi ya hapo. Familia ya watu 5 ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, tangi hilo linafika siku 150, yaani kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Oktoba. Kinachoharibu mpango huu ni kufulia maji hayo. Weka kufuli kwenye bomba la tangi, hata kama bibi atanuna. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, madumu mawili ya lita 20, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya tangi sasa ndiyo ya kuchemsha au kutia klorini.

Tangi likiwa dogo, changanya. Kisima chenye miligramu 4.5: lita 1 ya kisima kwa lita 2 za mvua inatoa 1.5. Chenye 6: lita 1 kwa 3. Uji wa mtoto na maziwa ya kopo vipikwe kwa maji ya mvua matupu. Anayenyonya yuko salama zaidi, maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa ya kisima.

Pasipo paa la bati kuna mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao, tofauti na wa kuni, hunasa floraidi. Kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeufanyia kazi muda mrefu. Kaulize huko kabla ya kujichomea mwenyewe. Mifupa huchomwa kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 kwa hewa kidogo. Ukiwa wa kahawia haukuiva, na maji yatanuka. Ukiwa mweupe umeungua, nguvu yake imepungua. Unaotakiwa ni mweusi. Uliza pia ni mifupa ya mnyama gani, kwani chujio ambalo jirani atalikataa kwa imani yake halitamlinda mtoto wake.

Kwenye ndoo ya lita 20 yenye bomba chini, weka kokoto safi sentimita 5, kisha kilo 10 za mkaa uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Bana bomba ili lita 20 zipite kwa saa 1 au zaidi. Zikikimbia, floraidi inapita nazo. Kwa hesabu ya tahadhari kilo 1 hunasa gramu 1 ya floraidi. Kisima cha miligramu 6 na ndoo moja kwa siku, kilo 10 zinachoka kwa siku 80 hivi. Chujio lililochoka halibadiliki rangi wala ladha, kwa hiyo andika tarehe kwenye ndoo na upime tena.

Kisha tazama sufuria. Magadi ya kulainishia makande na maharage mara nyingi hubeba floraidi yake, na kiasi hutofautiana fungu kwa fungu. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika bila magadi. Kuni zitaongezeka kidogo.

Bei ya tangi si kila mtu anaimudu, na kisima cha kijiji hakibadilishwi na kaya moja. Nenda na namba zako kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji, mwalikeni mhandisi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na ombeni mambo mawili: matokeo ya floraidi yabandikwe kwenye kila kituo cha kuchotea, na shule ya msingi ipate mifereji na tangi la mvua kabla ya masika.