Kadi zinazorudi kwa zamu

Unajifunza Kisukuma hapa Mwanza, au nota za kwaya? Usirudie yote kila siku. Kata kadi ndogo: mbele "asante", nyuma "wabeja". Ukipatia, kadi irudi kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki, kisha wiki mbili. Ukikosea, inaanza upya. Mtindo huu, ambao kadi za kila zamu hukaa kwenye kisanduku chake, ulielezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972.

Tafadhali, jibu kwa sauti kabla hujageuza kadi! Kuchungulia hakufundishi. Kadi ya nota iimbe kwanza, ndipo uihakikishe kwenye kinanda.

Mimi hupitia zangu kwenye kivuko cha Kamanga; akina mama wa dagaa hunisahihisha matamshi, nami nawashukuru sana.