Mayai ya kororo na ya kanga msiyape kalenda moja jamani

Wafugaji wa Pwani wenye kibali cha KWS (shirika la wanyamapori Kenya), hii ishu inajirudia kila msimu. Mtu ana kanga wa kawaida na kororo wachache, wale wa msituni wenye kishungi cheusi utadhani wametoka saluni, anakusanya mayai yote anajaza inkubeta siku moja halafu anahesabu siku za kanga. Kanga wanatoka, kororo unavunja yai unakuta kifaranga kimekamilika hadi kucha lakini kimekufa. Lawama zote zinaenda kwa stima.

Stima haina kosa. Kanga anataka siku 26 hadi 28, kororo ni 23 tu! Sasa wewe siku ya 22 bado unageuza mayai na unyevu uko chini kisa unangojea kanga, kifaranga ameshajipanga kutoboa unamvuruga, na ile ngozi ya ndani ya yai inakauka inamkaba.

Kwa hivyo ingiza kanga kwanza, ngoja siku 4 kamili ndio uingize kororo. Hizo siku 4 mayai ya kororo yakae chumba chenye ubaridi, ncha nyembamba chini, sio kwenye friji tafadhali. Andika tarehe kwa penseli. Inkubeta ya feni weka joto nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hadi 60, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Kororo wakifika siku ya 20 kanga watakuwa ya 24, hapo acha kugeuza yote, pandisha unyevu 65 hadi 70, funga mfuniko na uache kuchungulia chungulia, kila ukifungua unyevu wote unatoka.

Na hesabu vizuri, nimechoka kusema. Siku ya kuingiza haihesabiwi. Umeingiza Jumatatu jioni, siku ya kwanza inatimia Jumanne jioni, ya 20 ni Jumapili, ya 23 Jumatano.

Kuna wanaookota mayai ya kororo misitu ya Arabuko-Sokoke na Shimba Hills. Kwanza ni kosa kisheria, pili yai la kichakani hujui mama ameliatamia siku ngapi, hiyo siku ya 20 utaihesabu kuanzia wapi?

Ukisikia milio ndani ya yai ujue mambo yako sawa. Vifaranga wasitolewe mpaka wakauke kabisa.