Moulin iko na makelele pembeni ya nyumba: fanya hivi mbele ya kugombana

Batu ba Lubumbashi tunajua, kuran ikikatika tu magrupu (jenereta) zinaanza, na mwenye moulin naye anasaga bunga paka usiku. Kwetu Katuba moja ilikuya kuwekwa inatazamana na dirisha ya batoto, moteri ya mazout, haina hata silensye (ya kupunguza makelele), mutoto wangu akazoea kulala kichwa chini ya oreye (muto). Njo pale nilijifunza hii yote.

Kwanza, hapana kuanza na matusi, na pulisi nao banaweza kungojea. Kamata kaye, andika siku, saa mashine inaanza, saa inazima, wiki mbili hivi. Kisha simama inje mu parsele yako na telefone, programu za kupima desibeli ziko, hazipimi sawa chombo cha kweli lakini zinasaidia. Pima mashine ikitembea, pima tena ikiwa imezimwa, juu bila ile namba ya pili ya kwanza haikuambie kitu. Benki ya Dunia mu 2007 ilitoa kipimo ya kartiye ya makao: desibeli 55 muchana, kuanzia saa 7 ya asubui paka saa 22 ya usiku, na 45 usiku, ao mashine isipandishe makelele ya pale zaidi ya 3. Si sheria ya Kongo, ni ya kuonyesha tu kama haulalamike bure. Na desibeli hazihesabiwe sawa kilo za bunga, eh, ikiongezeka 10 tu sikio inasikia kama mara mbili.

Sasa enda kuona patron ya moulin, wewe na bajirani babili, bamama ni bazuri zaidi, pale asubui mbele bakliya (bateja) hawajajaa. Ukimuambia afunge atakufukuza, na ana haki, njo mukate yake. Omba silensye, mipira chini ya moteri, ukuta ya bloke, saa ya kufunga. Ama asogeze moteri: ikienda mbali mara mbili, pa wazi inapunguka karibu desibeli 6.

Akikatala, andika barua kwa shefu wa kartiye, kopi kwa burgmestre (mukubwa wa komini), bajirani basinye, na usitoke ku biro bila muhuri ku kopi yako (mimi ya kwanza ilipotea, nilianza upya). Ndani taja artikle 53 ya Katiba (haki ya mazingira mazuri), sheria 11/009 ya tarehe 9/7/2011 ya mazingira, na dekre 13/015 ya tarehe 29/5/2013 ya mashine na kazi zenye kusumbua batu, kisha uliza tu: permi yake iko wapi?

Mbele ya moulin kufungua, karatasi ya kutangaza ile permi inaweza kubandikwa ku ukuta ili bajirani baseme. Siku ile soma. Sisi yetu tuliiona, tukafikiri ni ya kampanye ya kanisa, tukapita.

Leo patron anafunga saa 20, isipokuwa siku ya posho (samedi).