Gitaa la katawei la kujitengenezea: kazi iko kwenye bega

Kila anayeniambia anataka kujitengenezea gitaa la mbao anaanza kuulizia shingo na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Shingo utaiweza, ule ni useremala tu. Kinachowatoa watu jasho ni lile bega lililoliwa upande wa nyuzi nyembamba, ile katawei, maana hapo ubao unatakiwa ukunjwe uingie ndani halafu ugeuke utoke nje, yote kwenye nafasi ya kiganja, na ubao haupendi hayo mambo. Ila kama wewe ni mtu wa sebene na mkono unataka kupanda mpaka freti ya 19, gitaa la bega zima linakugomea pale kwenye freti ya 14 shingo inapokutana na kasha, sasa utafanyaje.

Mbao kwanza. Mbavu na mgongo mimi natumia mninga, mkangazi nao safi, angalia kichwa cha ubao mistari iwe imesimama wima na isikatishe pembeni, yenye mawimbi mazuri ya kupendeza macho waachie watu wa makabati kwa sababu kwenye kukunja ndiyo inayokatika. Shingo mkangazi. Fretibodi, ule ubao wa juu ya shingo unaobeba freti, na daraja, kile kipande cha usoni zinapofungwa nyuzi, ni mpingo, na ukiranda mpingo vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Mpingo ghafi ukitaka kuutoa nje ya nchi unahitaji kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ndivyo ilivyo tangu 2017. Uso wa gitaa, hapo usibane matumizi, agiza spruce, mti wa jamii ya misonobari, vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja. Mimi nilijaribu paini ya kawaida ya kujengea, ile inayokua haraka yenye mistari mipana, nikapata gitaa linalolia kama limefunikwa blanketi.

Randa uso mpaka kama milimita 2.8, mgongo 2.5, mbavu 2.2. Ule ubavu wa upande wa katawei, sehemu itakayokunjwa tu, ipeleke mpaka 1.8 na upime na kalipa kila baada ya sentimita chache, usipime kwa macho, sehemu moja ikibaki nene mkunjo unakwepa pale na kuvunjikia jirani yake.

Sasa kukunja. Tafuta bomba la chuma la inchi mbili, libane kwenye jiriwa, ingiza moto wa gesi ndani, subiri mpaka tone la maji likiangukia linarukaruka na kutoweka. Ubao ulowanishe kwa kuupangusa na kitambaa kibichi, usiuloweke usiku kucha kama maharage, utapindapinda wote. Nyuma ya ubao, upande unaovutwa, weka kibati chembamba cha stenlesi na ukishike pamoja na ubao, hicho ndicho kinachozuia nyuzinyuzi zisinyanyuke. Chora alama ya kiuno kabla hujaanza maana ukikosea hata sentimita moja bega litakaa mahali pasipo pake. Halafu anza na ule mkunjo mkali wa katawei, usianze na kiuno, kama ubao ni wa kuvunjika basi uvunjike mapema kabla hujapoteza nusu siku. Usiusukume. Egemeza, sikiliza, ubao ukishapata joto unalegea wenyewe ghafla mkononi na hapo ndipo unaupeleka. Ubavu wangu wa kwanza ulisema ta, wa pili pia, wa tatu ndio uko kwenye gitaa ninalopiga mpaka leo, kwa hiyo randa mbavu tatu za upande huo tangu mwanzo.

Kuna njia ya mkato, katawei ya pembe kali, ile ya ncha. Hapo mkunjo ni mpole na kipande cha bega kinakuwa peke yake, vinakutana kwenye ncha na unaweka kigogo kidogo kwa ndani. Kazi inahamia kwenye kiungo, kikiachia mwanya hata wa karatasi kila mtu ataona. Kwa anayeanza mimi naona hiyo ndiyo nafuu, ijapokuwa mviringo unanipendeza zaidi.

Bomba likiwa bado la moto kunja pia vile vibao vya ndani vya kushikia uso na mbavu, sehemu ya bega piga mikato ya msumeno karibu karibu, vinginevyo vinakatika. Mapambo ya ukingo pale kwenye katawei tumia plastiki, unalainisha na hair dryer, umeshateseka vya kutosha.

Chini ya uso weka mataruma, vile vibao vya kuuimarisha, yakatizane kama X, mtindo ambao kampuni ya magitaa ya Martin ya Marekani walikuwa nao tangu miaka ya 1840, na taruma la mlalo lililo juu ya tundu la sauti lifupishe liishie kwenye bega jipya na liingie vizuri kwenye kile kibao cha ukingoni, lisielee. Nyuzi sita za chuma zinavuta kama kilo 70, kwa hiyo usiyachonge mataruma mpaka yawe njiti. Siku ya kugundisha chagua chumba kikavu, unyevu asilimia 45 hadi 50. Mimi niligundisha Dar msimu wa mvua dirisha wazi, gitaa likaenda Dodoma kwenye ukavu, likapasuka mgongo mwezi wa pili tangu lifike.

Freti ni hesabu. Urefu wa uzi milimita 648, gawa kwa 17.817 unapata 36.37, hiyo ndiyo freti ya kwanza kutoka nati, kile kipande cha mwisho wa shingo kinachobeba nyuzi, kinachobaki gawa tena kwa 17.817 unapata 34.33, endelea hivyo, na ya 12 lazima ikutane na 324, isipokutana umekosea njiani, rudi. Kwenye daraja ongeza kama milimita 2 uzi mwembamba na 5 uzi mnene, la sivyo juu kule halikai kwenye tuni. Mpingo una mafuta, upanguse na asetoni kabla ya gundi.

Shingo ikae pembe ambayo rula ndefu ikilala juu ya freti inagusa mgongo wa daraja kwa juu tu. Kisigino chake upande wa katawei kichonge chembamba, maana bega likiliwa halafu kisigino kikabaki kama gogo, dole gumba linagonga palepale na kazi yote umeifanya bure. Funga nyuzi, liache siku nzima, kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12, milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba, zikizidi punguza mfupa wa kwenye daraja kidogo kidogo na msasa.