Kutafuta mahali na vifaa vya kuandikia riwaya: hatua kwa hatua

Mpwa wangu alinijia na kurasa 40 za riwaya yake ya kwanza, zote alizoziandika kwa simu, nusu ndani ya daladala na nusu kitandani. Hadithi ilikuwa nzuri, lakini maandishi yalikuwa yameharibika kwa namna nitakayoieleza katika hatua ya nne. Hatua tulizozifuata pamoja ni hizi.

Hatua ya 1: Chagua saa kwanza, kisha mahali. Sebule iliyo kimya saa kumi na moja alfajiri hugeuka njia ya watu wote ifikapo saa moja asubuhi, kwa hiyo usipaamini mahali popote kabla hujapajaribu kwa saa ileile siku tatu mfululizo. Anayeishi Dar es Salaam katika chumba cha kushirikiana na wenzake namshauri aende Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, kwa sababu pale hakuna atakayemwita aende dukani.

Hatua ya 2: Panga meza. Ukiandika kwa mkono wa kulia, dirisha au taa iwe kushotoni mwako, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari unaouandika.

Hatua ya 3: Nunua kaunta buku. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono, na hapa sina mjadala: kaunta buku haizimiki umeme unapokatika, wala haileti ujumbe wa mtu katikati ya sentensi. Andika ukurasa wa kulia tu, na ule wa kushoto uuache mtupu kwa ajili ya masahihisho.

Hatua ya 4: Piga chapa, lakini iambie kompyuta kwanza kwamba unaandika Kiswahili. Mimi hutumia LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo hailipiwi. Programu au kibodi ya simu iliyopangwa kwa Kiingereza husahihisha Kiswahili chako bila kukuuliza. Katika kurasa za mpwa wangu, "alisimama hapo mlangoni" ilikuwa imegeuka "alisimama happy mlangoni", na kwa kuwa neno hilo ni sahihi kwa Kiingereza, halikuwekewa mstari mwekundu hata mara moja.

Zima kwanza usahihishaji wa moja kwa moja. Kisha chagua matini yote, nenda kwenye menyu ya lugha na uweke Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yaliyojipenyeza yatapigiwa mstari mwekundu yenyewe. Kumbuka kwamba sura unayoinakili kutoka kwenye faili jingine huweza kuja na lugha yake ya zamani, kwa hiyo rudia zoezi hili kila unapobandika, au bandika matini tupu yasiyo na mpangilio. Wala usiutii kila mstari mwekundu, maana kamusi ya programu haiwezi kubeba minyambuliko yote ya vitenzi vyetu, na neno kama "wameshaandikiana" linaweza kupigiwa mstari ilhali halina kosa lolote.

Kosa lililotula saa tatu nzima lilikuwa "yule". Kiingereza kina neno lake linaloandikwa vivyo hivyo, ambalo huanza kwa herufi kubwa, na simu ilikuwa imeandika "mzee Yule" na "mtoto Yule" kila mahali. Kuweka Kiswahili hakusaidii hapa, kwa sababu neno lenyewe ni letu na tahajia yake ni sahihi. Dawa yake ni kutafuta "Yule" huku umeiagiza programu itofautishe herufi kubwa na ndogo, kisha kulipitia moja baada ya jingine. Usibadilishe yote kwa mkupuo, kwani yaliyo mwanzoni mwa sentensi yanastahili herufi kubwa.

Hatua ya 5: Tunza nakala. Kila unapomaliza kuandika, jitumie faili kwa barua pepe na uweke nakala nyingine kwenye flashi isiyokaa mfuko mmoja na kompyuta. Kaunta buku usiitupe hata baada ya riwaya kuchapishwa. Tulipobishana kuhusu "Yule" mmoja katika sura ya pili, ambayo kwa bahati alikuwa ameianza kwa mkono, tuliifungua na kuliona neno lenyewe kwa mwandiko wake.